Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Mkristo mmoja wa Uganda, Benedicto Kiwanuka. Yeye alikuwa Mkatoliki na wengi wetu ni Waprotestanti, lakini habari zake zinamhusu kila aliyewahi kuona ndugu yake akichukuliwa na askari bila karatasi wala sababu.

Alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari katika jeshi la Waingereza, baadaye akasoma sheria London na kurudi nyumbani akiwa wakili. Aliongoza chama cha Democratic Party, na tarehe 1 Machi 1962 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakudumu. Mwezi wa Aprili chama chake kilishindwa katika uchaguzi, naye akatoka. Tunalitaja jambo hilo kwa makusudi, maana katika nchi zetu za Maziwa Makuu waliotoka kitini kwa kura wanahesabika.

Milton Obote aliyemfuata aliiweka kando katiba mwaka 1966, na mwaka 1969 Kiwanuka akatiwa kizuizini. Aliyemfungua ni Idi Amin, alipotwaa utawala kwa nguvu ya jeshi Januari 1971. Mwaka ule ule Amin akamfanya Jaji Mkuu. Wapo wanaomlaumu kwa kukubali kazi hiyo. Sisi tunaona kwamba kiti kile kingeachwa wazi, angekalia mtu wa kuitikia ndiyo tu.

Mwaka huo pia Amin alitoa amri iliyowapa askari uwezo wa kukamata raia. Lakini ilibaki sheria moja ya zamani. Mtu akishikwa, ndugu au wakili wake anaweza kwenda mahakamani, na jaji anaamuru mfungwa aletwe mbele yake, na aliyemshika aeleze amemshika kwa sheria ipi. Asipokuwa na jibu, mfungwa anakwenda nyumbani. Hata rais hana ruhusa ya kukataa swali hilo. Wanaosoma Kumbukumbu la Torati sura ya 17 watakumbuka kwamba mfalme wa Israeli naye aliagizwa kujiandikia nakala ya torati na kuisoma siku zote.

Septemba 1972 lililetwa shauri la mfanyabiashara Mwingereza aliyeshikwa na askari. Ulikuwa wakati mbaya sana: Wahindi walikuwa wanafukuzwa, Waingereza wanachukiwa, na tarehe 17 wapinzani wa Amin waliokuwa Tanzania walivuka mpaka kwa silaha. Kiwanuka angeweza kuahirisha. Aliamua kwamba mgeni huyo ameshikwa kinyume cha sheria, akaamuru aachiliwe.

Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, wakamtoa ofisini mwake mchana kweupe. Serikali ilikana kuhusika. Kiwanuka hakuonekana tena, na mjane wake na watoto hawakupata mwili wa kuzika.

Katika maombi ya Ijumaa tuwataje mahakimu na mawakili wa nchi tulizotoka, pamoja na familia za hapa kambini ambazo bado hazijui ndugu zao walipelekwa wapi.