Andrés Bello na neno «mucho»

Katika mtihani wa kwanza wa Kihispania niliandika «muy amigos» nikitaka kusema marafiki wengi, na mistari miwili chini yake, «muchos gente». Karatasi ilirudi nyekundu tupu. Nilikwenda maktabani kutafuta sababu, na ndipo nilipokutana na mzee Andrés Bello.

Alizaliwa Caracas, Venezuela, tarehe 29/11/1781, wakati nchi ile ilikuwa bado chini ya mfalme wa Hispania. Akiwa kijana alimfundisha kwa muda Simón Bolívar, ambaye alikuwa mdogo wake kwa miaka miwili tu. Mwaka 1810 wawili hao, pamoja na Luis López Méndez, walitumwa London kuomba msaada wa Waingereza. Bolívar alirudi vitani. Bello alibaki kule miaka 19, na Caracas hakuiona tena mpaka kufa.

Maisha ya London yalikuwa ya shida. Alifundisha lugha kwa malipo kidogo, akasaidia kusoma mwandiko mbaya wa mwanafalsafa Jeremy Bentham. Mke wake wa kwanza, Mary Ann Boyland, alifariki mwaka 1821. Alioa tena, akapata jumla ya watoto 15, na wengi wao aliwazika yeye mwenyewe. Mwaka 1829 serikali ya Chile ikamwita kazini. Huko aliandika sheria za kiraia za nchi, na mwaka 1843 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile. Lakini kitabu kilichonipeleka kwake ni sarufi yake ya 1847, aliyoiandikia Waamerika wanaosema Kihispania, akiwa na umri wa miaka 65.

Kabla yake, wengi waliieleza lugha hiyo kana kwamba ni Kilatini kilichovaa nguo mpya. Bello alikataa. Alitaka kila neno lielezwe kwa kazi linayofanya ndani ya Kihispania chenyewe. Tuchukue maneno ya wingi. Kwake «muy» si neno la pembeni: ni «mucho» lililokatwa mkia, kama «tanto» linavyokuwa «tan». Likitangulia kivumishi au kielezi linakatwa: «muy alto», mrefu sana, «muy bien», vizuri sana. Likifuata kitenzi linabaki zima: «trabaja mucho», anafanya kazi sana. Linabaki zima pia mbele ya «mejor» na «más». Hapo nikaona mtego wangu. Sisi tuna «sana» moja kwa kazi zote mbili, na Kifaransa tulichosomea shuleni kina «très» na «beaucoup», maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Basi nilidhani na ya Kihispania ni mageni kwa mwenzake.

Likisimama mbele ya jina, «mucho» linafuata jinsia na idadi ya jina lile: «mucha agua», «muchos libros». Hilo halipaswi kumshinda mtu anayesema maji mengi na vitabu vingi. Ila «gente» ni umoja, hata wakiwa watu elfu, kwa hiyo ni «mucha gente». Na likisimama peke yake, kwa maana ya mambo mengi, Bello analiweka pamoja na «algo» na «nada», katika jinsia ya tatu ambayo wengine waliisahau. Lililonifurahisha zaidi ni «cada»: halibadiliki kamwe na linatangulia jina, sawasawa na «kila» yetu.

Wasiwasi wake ulikuwa mkubwa kuliko mitihani. Nchi mpya zilikuwa zimejitenga na Hispania, naye aliogopa kwamba lugha itavunjika vipande, kama Kilatini kilivyovunjika Ulaya, hata mtu wa Caracas asielewe barua kutoka Santiago. Hata hivyo hakudai watu wote waseme kama Madrid. Desturi nzuri ya Chile au Venezuela aliipa haki sawa na ya mikoa ya Hispania. Hapo mimi nasita. Lubumbashi tunasema «batu mingi» na «bintu mingi», na «mingi» haigeuki. Kitabuni tunaandika watu wengi, vitu vingi. Sijui Bello angetupa alama ngapi. Voseo ya Wachile, yaani kumwita mtu «vos», aliikemea gazetini bila huruma, na hapo naona alikosea: mpaka leo wanaitumia na wanaelewana.

Alifariki Santiago tarehe 15/10/1865, akiwa bado mkuu wa chuo. Mwaka 1874 Rufino José Cuervo wa Kolombia aliichapisha sarufi ile tena pamoja na maelezo yake, akimsahihisha mzee hapa na pale, na tangu hapo vitabu vingi vinawachapa wawili hao pamoja.