Barua Zilizotoka Usambiro

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wenye maduka; leo tunawaelekezea wananchi wa Shinyanga na Geita, ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa vingine vya Ziwa Viktoria, pamoja na viongozi wa Serikali. Mali tunayoizungumzia si almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, wala si dhahabu ya Geita. Ni barua zilizoandikwa kwa mkono na watu wa dini na wa huruma waliopata kuishi kwetu. Ili tueleweke vema, hatuna budi kusimulia maisha ya mmoja wao.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskochi. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini yeye mwenyewe hakupata kuwa kasisi. Alisomea uhandisi mjini Edinburgh, kisha akafanya kazi ya mitambo nchini Ujerumani. Mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Stanley, aliyeomba walimu wa dini wapelekwe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Wito huo ndio uliomfanya Mackay ajitoe kwa Church Missionary Society. Alisafiri mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 26, wala hakurudi kwao tena.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Alipofika Kageye, kando ya ziwa, katikati ya mwaka 1878, alikuta msiba. Mwezi wa Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe katika ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Chombo chao, Daisy, kilikuwa kibovu, naye akakitengeneza kwa mikono yake.

Hapa tunawaomba wasomaji wetu wa Ukerewe wasikilize kwa makini. Mackay hakwenda kisiwani kulipa kisasi. Alikwenda kwa amani, akakaa na Lukonge na kumsikiliza. Mtemi alimweleza kwamba aliyekuwa na kesi naye ni Songoro, na kwamba hakukusudia kuwaua Wazungu wale, ambao walisimama upande wa mfanyabiashara huyo. Mackay aliyaandika maelezo hayo, na maandishi yake yakahifadhiwa. Laiti yangalipotea, watu wa Ukerewe wangalibaki katika vitabu vya wageni kama wauaji tu, bila neno lao kusikika. Karatasi chache ziliwatunzia wazee wetu utetezi wao kwa zaidi ya miaka 140.

Mackay alifika Buganda mwezi wa Novemba 1878. Huko alikuwa mhunzi, seremala, mwalimu na mpiga chapa. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, yeye ndiye aliyesimamia utengenezaji wa jeneza. Mutesa alifariki mwaka 1884, na chini ya Mwanga mambo yaligeuka. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa misheni yake walichomwa moto. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Na mwaka 1886 Wakristo wengi, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa. Mackay alivumilia hadi Julai 1887, alipolazimishwa kuondoka.

Ndipo alipovuka ziwa na kuhamia Usambiro, upande wa kusini, katika ukanda ambao leo unajulikana kwa dhahabu. Alijenga nyumba na karakana, akaendelea kutafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda na kuunda chombo kipya cha kusafiria ziwani. Mwezi wa Machi 1888 alimzika hapo Askofu Parker. Mwaka 1889 Stanley na Emin Pasha walipumzika kwake kwa siku zipatazo 20, na Stanley akamsifu kuwa mmisionari bora kuliko wote tangu Livingstone. Wakubwa wake walimtaka arudi kwao apumzike, naye akakataa kuondoka kabla ya kupata wa kushika nafasi yake. Tarehe 8 Februari 1890 alifariki kwa homa, akiwa na miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Tunayajuaje haya yote? Ni kwa barua. Mackay aliandika kila alipopata nafasi, na barua zake zilibebwa na wapagazi kwa miezi mingi kupitia Unyamwezi hadi pwani. Dada yake alizikusanya, na mwaka ule ule wa 1890 akazitolea kitabu. Kumbukumbu za chama chake sasa zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Hatusemi kwamba kila alichoandika tukikubali. Mackay alilaani biashara ya watumwa na ya bunduki, lakini pia aliitaka Uingereza iingilie kati katika nchi hizi, na miezi michache baada ya kifo chake Waingereza na Wajerumani walitiliana mkataba wa kugawana maeneo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzitunza barua za namna hii: mema na makosa ya mtu yanaonekana katika mwandiko wake mwenyewe.

Jambo linalotusikitisha ni kwamba mtu akitaka kujua yaliyotendeka Usambiro na Ukerewe humbidi aende Ulaya. Waandishi wetu wenyewe, yaani makatekista, masista wauguzi, masheikh na walimu wa vyuo vya Kurani, nao waliandika. Barua zao zimo katika masanduku ya wajukuu, na mchwa hawangoji. Ukerewe inajua thamani ya subira: muswada wa mzee Aniceti Kitereza, uliokamilika mwaka 1945, ulikaa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapwa. Usingalihifadhiwa, tusingalikuwa na kitabu.

Kwa hiyo tunawasihi wananchi wasizichome barua za wazee, wala wasiziuze kwa wachuuzi wa vitu vya kale. Waziweke mahali pakavu, wasizibandike kwa gundi wala kuzifunika kwa plastiki ya moto. Katika karatasi ya pembeni waandike kwa penseli jina la mwandishi, mwaka, na jinsi barua ilivyofika mikononi mwao. Wapige picha kila ukurasa.

Kwa viongozi, tunakumbusha kwamba Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ipo. Haitoshi sheria kukaa Dodoma na Dar es Salaam. Maofisa utamaduni wa wilaya waende vijijini na visiwani, waorodheshe kilichopo, na wamhakikishie mwenye barua kwamba kutoa nakala si kunyang'anywa mali yake.

Dhahabu ikikosekana leo, kesho itachimbwa kwingine. Barua ikiliwa na mchwa, hakuna mgodi wa kuitafuta.