J.L.B. Smith na Samaki wa Miguu Minne

Wenzangu wa sayansi ya bahari, tukimtaja J.L.B. Smith tunamkumbuka kwa silikanti. Sawa, lakini mimi naona maisha yake yanatuhusu hata sisi na ratiba yetu ya masomo.

Smith alizaliwa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, mwaka 1897. Vita ya Kwanza ya Dunia ilimleta Afrika Mashariki akiwa askari, akarudi kwao na malaria na afya mbovu. Baadaye akafundisha kemia Grahamstown. Elimu ya samaki alijitafutia mwenyewe.

Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya mji wa East London hukohuko, alimkuta silikanti kati ya samaki wa meli ya uvuvi, akamwandikia Smith. Wataalamu waliamini jamii hiyo ilikwisha pamoja na dinosaria. Smith alipofika Februari 1939, viungo vya ndani vilishatupwa. Basi akasambaza vipeperushi pwani, zawadi pauni 100. Akampata wa pili Desemba 1952, kupitia nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro.

Sasa angalia. Wapo Waingereza waliosema huyu ni samaki wa vilindi. Smith akabisha: magamba mazito na rangi ya bluu ni vya samaki wa miambani. Hapo alipatia. Lakini mapezi yale manene kama vikono yakamfanya aamini kwamba anatembea chini ya bahari, akamwita Miguu Minne.

Smith alifariki 1968. Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo huko Komoro, akampiga picha akiwa hai. Kumbe hatembei! Anaelea polepole, mapezi yakipishana kama miguu ya mbuzi anayetembea. Kibofu chake kimejaa mafuta badala ya hewa, hivyo mgandamizo wa maji haukibonyezi. Mchana anajipumzisha mapangoni.

Smith hakuwa na nyambizi, alisoma maiti. Sisi je? Tunachora pezi la kwenye chupa ya fomalini, tunaandika kazi yake, tunapata alama. Tanga kuna hifadhi ya bahari yenye jina la silikanti, na bado wapo watakaohitimu bila hata kulowa magoti. Bajeti ya mafunzo ya vitendo ikijadiliwa, wawakilishi wetu wasikae kimya. Pezi linaeleweka likiwa majini.