Lely: Mhandisi aliyeifunga bahari, akafa kabla ya kuona ikifungwa

KATIKA ramani za Uholanzi za karne ya 19, katikati ya nchi palikuwa na ghuba kubwa ya maji ya chumvi, Zuiderzee. Leo ghuba hiyo haipo. Mahali pake pana ziwa la maji baridi, mashamba, na mji wa Lelystad uliopewa jina la mhandisi Cornelis Lely.

Lely alizaliwa Amsterdam Septemba 23, 1854, akahitimu uhandisi mjini Delft mwaka 1875. Mwaka 1886 kiliundwa chama cha watu waliotaka ghuba hiyo ifungwe, nacho kikampa kijana huyo kazi ya kuchunguza kama jambo hilo lingewezekana.

Mwaka 1891 mpango wake ulikuwa tayari. Alitaka lijengwe tuta la kuitenga ghuba na bahari, kisha mto IJssel uachwe umwage maji yake humo hadi chumvi iishe. Baada ya hapo, sehemu zenye kina kifupi zingekaushwa na kugawiwa wakulima.

Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa waziri mwenye dhamana ya kazi za maji. Hata hivyo, cheo hakikumsaidia, kwani gharama ziliwatisha wanasiasa na wavuvi wa ghuba hiyo walipinga. Alishika wizara hiyo mara 3, na katikati yake akawa Gavana wa Suriname kuanzia 1902 hadi 1905.

Kilichobadili mambo ni msiba. Usiku wa Januari 13 kuamkia 14, 1916, dhoruba ilibomoa matuta ya kandokando ya ghuba, na katika kisiwa cha Marken pekee walikufa watu 16. Vita Kuu ya Kwanza nayo ilikuwa imeleta uhaba wa chakula. Lely, akiwa tena waziri, alipeleka muswada bungeni, na Juni 14, 1918 ukawa sheria.

Pengine sifa yake kubwa ni kwamba hakuuona mpango wake kuwa msahafu. Wakosoaji walihoji maji ya bahari yangekwenda wapi yakizuiwa, na iwapo yasingeifurikia pwani ya kaskazini iliyobaki nje ya tuta. Mwaka 1918 iliundwa kamati chini ya mwanafizikia Hendrik Lorentz, mshindi wa Tuzo ya Nobel, ili ipige hesabu ya kupwa na kujaa kwa maji.

Kamati hiyo ilichukua miaka 8. Ilibaini kuwa maji yangepanda kuliko ilivyodhaniwa, na njia ya tuta ikasogezwa. Karibu na kijiji cha Andijk kilikaushwa kipande cha hekta 40 hivi, kupima namna udongo wa chini ya bahari unavyoweza kutolewa chumvi na kuzaa nafaka, kabla maelfu ya hekta hayajaguswa.

Wavuvi hawakuwa na jaribio la namna hiyo. Sheria ya mwaka 1925 iliwapa msaada, lakini samaki jamii ya heringi na dagaa waliokuwa wakizaliana katika ghuba walitoweka maji yalipokwisha chumvi. Urk, kisiwa cha wavuvi tangu kale, kiliunganishwa na nchi kavu.

Lely alifariki Januari 22, 1929 mjini The Hague. Mei 28, 1932 pengo la mwisho la tuta, lenye urefu wa kilometa 32, lilizibwa. Sanamu yake imesimama juu yake.

Sehemu ya mwisho ya mpango, kukausha eneo la Markermeer, haikutekelezwa. Kuanzia mwaka 2016 vilijengwa humo visiwa vya mchanga na tope ili kurudisha samaki na ndege, na katika tuta lenyewe wahandisi wameanza kujenga njia ya kuwapitisha samaki wahamao kati ya bahari na ziwa.