Michael Faraday, Mjalidi Vitabu Aliyeuchunguza Umeme

Mtoto wa mhunzi

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 mahali paitwapo Newington, karibu na mji wa London, Uingereza. Baba yake aliitwa James. Alikuwa mhunzi.

Kazi ya uhunzi tunaijua. Hapa kwetu, Warongo wa Geita waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe, muda mrefu kabla ya majembe ya dukani kufika. Lakini James Faraday alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Siku asiyoweza kuinua nyundo, nyumba yake haikupata kitu. Nao watoto walikuwa wanne.

Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda sana Uingereza. Michael alikuwa na miaka tisa. Alipewa mkate mmoja, na mkate huo ulitakiwa umtoshe wiki nzima.

Shule aliipata kidogo tu. Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu za kawaida. Baada ya hapo aliacha, akatafuta kazi.

Kazi ya vitabu

Mwaka 1804 Michael alipata kazi ya kutumwa huku na huko kwa Bwana George Riebau, mwenye duka la vitabu. Siku hizo gazeti lilikuwa ghali. Watu walilikodi, wakalisoma, kisha wakalirudisha. Michael alipeleka magazeti nyumba hadi nyumba, na baadaye akayafuata tena.

Mwaka uliofuata Bwana Riebau alimchukua kama mwanafunzi wa ufundi wa kujalidi vitabu. Kujalidi ni kushona kurasa pamoja na kuzitia jalada. Mkataba ulikuwa wa miaka saba. Kwa desturi, mzazi alimlipa fundi ili amfundishe mtoto wake. Bwana Riebau hakudai malipo hayo, kwa sababu alikwisha kuiona bidii ya kijana.

Hapo ndipo elimu ya Michael ilipoanza hasa. Mchana alishona vitabu. Kazi ikiisha, alivisoma vitabu vile vile. Katika kitabu kimoja kikubwa cha maarifa alikuta habari za umeme. Kingine kilikuwa cha kemia, nacho kiliandikwa na mwanamke, Jane Marcet, kwa lugha nyepesi ili watu wa kawaida, hasa wanawake, wapate kuelewa. Michael hakuridhika na kusoma tu. Kwa senti chache alinunua chupa na vipande vya vitu, akajaribu mwenyewe yale aliyoyasoma, ili aone kama ni kweli.

Jioni alikwenda kusikiliza masomo ya watu wazima. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kila somo. Hakuwa nayo. Kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemlipia. Hilo tusilipite haraka. Nyuma ya mtu anayesoma mara nyingi yuko ndugu anayefanya kazi.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa Michael tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mtaalamu mkubwa wa kemia wa wakati ule. Michael alihudhuria masomo manne. Aliandika kila neno aliloweza kulishika, akachora na picha za vyombo. Kisha akafanya kazi aliyoijua: aliyajalidi maandishi yake yakawa kitabu cha kurasa kama 300. Akampelekea Davy, akaomba kazi.

Mara ya kwanza nafasi haikuwapo. Mapema mwaka 1813 msaidizi mmoja wa maabara alipigana na mwenzake, akafukuzwa. Davy akamkumbuka yule kijana wa vitabu. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday alianza kazi katika Taasisi ya Kifalme, London. Mshahara ulikuwa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili vya kulala, kuni na mishumaa.

Mtumishi au mtaalamu?

Mwaka huo huo Davy alisafiri Ulaya, akamchukua Faraday. Safari ilichukua mwaka mmoja na nusu. Faraday aliwaona wataalamu wengi na kujifunza mengi. Lakini mke wa Davy alimfanya kama mtumishi wa nyumbani. Kwa kijana mwenye heshima zake jambo hilo lilikuwa chungu sana, hata akafikiri kurudi nyumbani na kuacha sayansi.

Hakuacha. Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard. Mwaka ule ule alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Alisimamisha sumaku ndani ya kikombe cha zebaki, akaning'iniza waya juu yake, na kupitisha umeme. Waya ukaanza kuizunguka sumaku, nao haukukoma. Hiyo ndiyo mota ya kwanza ya umeme. Mashine za kusaga na pampu zinazotumia umeme ni wajukuu wa waya ule.

Furaha haikudumu. Watu walisema ameiba wazo la mtaalamu mwingine, William Wollaston. Kweli Wollaston alikwisha kulizungumza jambo linalokaribiana na hilo, na Faraday alichapa habari zake bila kumtaja. Lakini chombo kile na jaribio lile vilikuwa vyake mwenyewe. Mwaka 1823 wataalamu walipopendekeza Faraday aingie katika chama chao kikuu, aliyepinga alikuwa Davy, bwana wake wa zamani. Hata hivyo alichaguliwa. Tangu wakati huo Faraday akawa mwangalifu sana. Majaribio yake aliyaandika katika daftari kwa tarehe, na baadaye kwa namba.

Sumaku inayozaa umeme

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete nene ya chuma. Upande mmoja alizungushia waya mrefu uliofunikwa kwa kitambaa. Upande wa pili alizungushia waya mwingine. Nyaya hizo mbili hazikugusana. Waya uliozungushwa hivyo mafundi wetu huuita koili.

Koili ya kwanza aliiunga na betri. Ya pili aliiunga na waya uliopita juu ya sindano ya dira. Alipounga betri, sindano ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoitoa betri, sindano ikashtuka tena, safari hii kwa upande mwingine. Umeme ukipita bila kubadilika, sindano haikutikisika hata kidogo.

Hapo tusome polepole. Umeme mpya ulitokea wakati wa badiliko tu: wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima.

Mwezi Oktoba aliingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa. Ikaenda na kurudi, umeme ukazaliwa bila betri. Hivyo ndivyo majenereta yote yanavyofanya kazi. Maji ya ziwa letu Viktoria yanapotoka kule Jinja, Uganda, huzungusha mitambo ya bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Kazi ya maji ni kuzungusha tu. Umeme unatokana na sumaku na koili.

Mshtuko wa Bwana Jenkin

Wengi wanaomsimulia Faraday huishia hapo. Mimi naona jambo linalofuata ndilo linalowahusu zaidi mafundi wetu wa leo.

Mwaka 1834 Bwana William Jenkin alimweleza Faraday jambo la ajabu. Alikuwa na betri ndogo iliyoungwa na koili ya sumaku. Betri ile haikuweza kumshtua mtu. Lakini alipotenganisha waya huku ameshika ncha zake, umeme ulimpiga kwa nguvu.

Faraday alilichunguza. Aliona kwamba koili hukataa kubadilishwa ghafla. Fikiri mtumbwi uliojaa dagaa. Kuuanzisha ni kazi. Ukishashika mwendo, ukiacha kupiga kafi hausimami papo hapo, na ukigonga gati hugonga kwa nguvu. Ndivyo ulivyo umeme ndani ya koili. Ukiukata, sumaku inakufa, na katika kufa inasukuma umeme wenye nguvu kuliko ule wa betri. Ukikosa njia, unaruka hewani kama cheche.

Huko Marekani mwalimu Joseph Henry alikwisha kuliona jambo hilo na kulichapa mwaka 1832. Henry huyo, mwaka 1835, aliwaonyesha wanafunzi wake jinsi umeme mdogo unavyoweza kuamuru sumaku ifungue njia ya umeme mkubwa. Kifaa cha namna hiyo ndicho tunachokiita rilei. Iko katika honi ya gari na katika mitambo mingi. Majina ya wataalamu hao wawili yamebaki katika vipimo: koili hupimwa kwa henri, na kapasita hupimwa kwa faradi.

Fundi wa magari anaufahamu mshtuko wa Bwana Jenkin. Koili ya injini ya petroli hupokea volti 12, lakini umeme wake unapokatwa hutoa maelfu ya volti kwenye plagi. Hapo mshtuko ni faida. Lakini cheche hiyo hiyo, pikipiki inapopita, hukwaruza sauti ya redio.

Siku hizi vijana wapenda ufundi hununua kompyuta ndogo isiyozidi kiganja. Huipangia kazi, kwa mfano kuwasha pampu tenki la maji likipungua na kuizima likijaa. Kompyuta huamuru rilei, rilei huwasha pampu. Mezani kila kitu huenda vizuri. Wakiunga pampu, kompyuta hupotewa, inazima na kuanza upya. Rilei hugonga ta-ta-ta, na maji humwagika. Wengine hutupa kompyuta nzima wakidhani imekufa, na fedha zinapotea.

Dawa hutafutwa kwa mwendo wa Faraday, yaani kubadili kitu kimoja tu kila mara. Kwanza ondoa pampu, uache rilei igonge peke yake. Kompyuta ikitulia, matata yanatoka upande wa pampu. Isipotulia, tazama inapotewa wakati gani. Ikipotewa rilei inapowaka, huenda chanzo cha umeme ni dhaifu; ipe rilei chanzo chake. Ikipotewa rilei inapozima, mshuku yule mshtuko wa Bwana Jenkin. Fundi huweka dayodi sambamba na koili ya rilei, upande wenye mstari ukielekea chanya. Hapo umeme unaorudi hupata njia ya kuzunguka ndani ya koili mpaka uishe. Rilei nyingi zinazouzwa juu ya kibao huwa tayari na dayodi hiyo, lakini ni vizuri kuhakikisha.

Matata yakitoka kwa pampu, nyaya zake zitengwe mbali na nyaya nyembamba za kompyuta. Nyaya nyembamba ziwe fupi. Kapasita iwekwe karibu na kompyuta ili kuushikilia umeme usiyumbe. Pampu kubwa isiungwe kwenye rilei ndogo, kwa sababu cheche zitaila midomo yake. Na umeme wa laini ya nyumba uachiwe fundi mwenye leseni. Huo unaua.

Ndani ya kizimba

Mwaka 1836 Faraday alijenga kizimba cha mbao chenye futi 12 kila upande, akakifunika kwa nyaya na karatasi za bati. Aliingia ndani na vyombo vyake vya kupimia. Nje kizimba kilitiwa umeme mpaka cheche zikaruka kutoka pembeni. Ndani, vyombo havikuonyesha kitu. Umeme ulibaki juu ya ngozi ya kizimba. Ndiyo sababu kompyuta yenye matata hutulia mara nyingine ikiwekwa ndani ya sanduku la chuma lililoungwa na ardhi.

Miaka ya mwisho

Faraday hakujua hisabati ya juu. Mawazo yake aliyaeleza kwa maneno na michoro. Baadaye James Clerk Maxwell aliyageuza kuwa hesabu. Lakini kufundisha, Faraday alifundisha vizuri kuliko wengi. Krismasi nyingi watoto walialikwa kumsikiliza, na masomo yake juu ya mshumaa mmoja yalichapwa kuwa kitabu mwaka 1861.

Tangu mwaka 1836 aliwashauri pia wasimamizi wa minara ya taa inayoongoza meli usiku. Alikwenda mwenyewe pwani kukagua taa, hata alipokuwa mzee.

Alitakiwa kuwa rais wa chama kile kile ambacho Davy alitaka asiingie. Alikataa mara mbili. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoka. Alisahau majina na mambo aliyokwisha kuyajaribu, akalazimika kuyatafuta katika daftari lake lenye namba. Daftari lile likawa kumbukumbu yake.

Mwaka 1858 alipewa nyumba ya kuishi huko Hampton Court. Yeye na Sarah hawakujaliwa mtoto. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini. Alizikwa Highgate, London, bila fahari yoyote, kama alivyotaka.

Maswali ya kuzungumza

Kwa nini sindano haikutikisika umeme ulipopita bila kubadilika? Ni nani aliyelipa shilingi ya Faraday, na hapa kijijini nani analipa ya nani? Mwulizeni fundi wa pikipiki awaonyeshe koili. Je, ikikatwa umeme, cheche yake huenda wapi?