Anyona wa Kitutu, somo nililolipata nje ya darasa

Nilipokuwa nikisoma siasa kwenye chuo kidogo cha jioni hapa Mombasa, tulifundishwa kwamba Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tukaandika, tukafunga madaftari. Kisa chenyewe nilikisikia baadaye, nilipomtembelea rafiki yangu Manga, kule Nyamira. Wazee wa huko wamtaja George Moseti Anyona kama jirani aliyeondoka jana.

Alizaliwa 1945, akasoma Alliance, kisha Makerere. Mwaka 1974 akachaguliwa mbunge wa Kitutu Mashariki. Bungeni alihoji zabuni ya mabehewa ya reli. 1977 akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978. Hakukoma. Mwaka 1982 yeye na Oginga Odinga walitaka kuunda chama cha upinzani. Anyona akatiwa kizuizini tena, na upesi sheria ikabadilishwa. Kumbe ndiyo ile tarehe ya daftarini mwangu!

Alikamatwa tena 1990, na 1991 akahukumiwa miaka 7 kwa uchochezi. Vyama vingi viliporudi, wapiga kura wa Kitutu Masaba walimrudisha bungeni 1992. Alifariki Novemba 2003 kwa ajali ya gari Nairobi.

Vijana wetu mnaosoma siasa, msikariri tarehe tu. Ulizeni ni nani aliyelipa. Leo twahoji zabuni za bandari barazani, kisha twarudi kulala majumbani mwetu. Wako waliolala jela ili sisi tuweze hayo.