Louis Pasteur: Mtoto wa fundi ngozi aliyeokoa mvinyo wa bei nafuu

MSIMU wa pamba ukishafunguliwa na wakulima wa Binza wakashika fedha mkononi, harusi nazo huanza kufuatana. Siku hizi wapo wenye harusi ambao hawaridhiki na soda, bia na pombe ya kienyeji peke yake. Meza ya maharusi na ya wazee hutakiwa iwe na mvinyo. Lakini mwenye shughuli hana fedha ya kununua mvinyo wa Ulaya. Anachotafuta ni chupa ya bei nafuu, mara nyingi ya zabibu za Dodoma, ambayo wageni wakiinywa hawatakunja uso.

Mwaka mmoja kazi hiyo ya kununua nilipewa mimi, kwa hoja kwamba nimesoma uchumi wa kilimo na kwa hiyo najua kubana matumizi. Nilichukua katoni mbili katika duka moja la hapa mkoani. Nilichagua kwa bei tu. Sikujali kwamba chupa zilikuwa zimepangwa kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana. Siku ya sherehe karibu nusu ya chupa zilikuwa na ladha ya siki, na mjomba wangu mmoja aliuliza kwa sauti kama tumemwekea dawa ya kikohozi. Fedha za pamba za ukoo zikamwagwa nyuma ya jiko.

Baadaye niliunywa mvinyo ule ule, wa kiwanda kile kile na wa bei ile ile, mahali pengine. Ulikuwa mzuri. Kilichoharibu ule wa kwanza si bei yake bali namna ulivyotunzwa. Mtu aliyeieleza dunia kwa ushahidi kwa nini mvinyo huharibika, na jinsi ya kuuzuia, ni Mfaransa Louis Pasteur. Wengi wanamjua kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na jina lake limo ndani ya neno linaloandikwa hadi leo kwenye pakiti za maziwa ya viwandani. Wachache wanajua kwamba kabla ya maziwa na mbwa kulikuwa na mvinyo.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa zamani wa jeshi la Napoleon Bonaparte ambaye aliishi kwa kazi ya kulainisha ngozi. Familia ilihamia Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya zabibu. Nyumba yao ilikuwa ndiyo kiwanda chao, kando ya mto, na harufu ya ngozi zilizolowekwa ilijaa kila chumba. (Hapa kwetu Usukumani ngozi za ng'ombe mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa, Jean-Joseph alisomesha mtoto kwa ngozi.)

Shuleni kijana huyo hakuonekana kuwa na maajabu. Alipenda kuchora picha za watu na alizichora vizuri. Alipopelekwa Paris kusoma mwaka 1838 alilemewa na upweke kiasi kwamba baba yake alikwenda kumrudisha nyumbani. Alirudi tena Paris akiwa amekomaa, na mwaka 1843 akaingia katika chuo maarufu cha École Normale.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa ulitokana na uchafu wa mapipa ya mvinyo. Mvinyo ukikaa, huacha chembe ngumu kama chumvi ambazo wanakemia walikuwa wakizichunguza. Mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 25, Pasteur aligundua kwamba chembe za chumvi mojawapo ya jamii hiyo zilikuwa za sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Akazitenganisha moja moja kwa mkono. Kwa wanakemia lilikuwa jambo kubwa. Kwa muuza duka, lenye faida ni dogo zaidi: chembe zinazong'aa chini ya chupa ya mvinyo si vipande vya chupa wala sukari iliyotiwa kwa wizi, na hazidhuru. Usiirudishe chupa hiyo kwa sababu hiyo.

Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, ambaye kwa maisha yao yote alimwandikia kumbukumbu za kazi zake usiku. Mwaka 1854 alipelekwa Lille, mji wa viwanda kaskazini mwa nchi. Huko, mwaka 1856, mfanyabiashara aitwaye Bigo alimwendea akilia hasara: kiwanda chake cha kutengeneza pombe kali kutokana na viazisukari kilikuwa kikitoa mapipa yaliyochacha vibaya. Pasteur alichukua hadubini akaenda kiwandani. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika mapipa yaliyoharibika aliona vijidudu vingine, virefu kama vijiti. Wakubwa wengi wa kemia wa wakati huo waliamini kuchacha ni mambo ya kemikali tu na viumbe hai havihusiki. Pasteur akaanza kusema kwamba kila aina ya kuchacha ina kiumbe chake, na kwamba kinywaji kikiharibika ujue kuna kiumbe kisichotakiwa kilichoingia.

Mwaka 1860 Ufaransa na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupunguza ushuru, na soko la mvinyo la Uingereza likafunguka. Ikawa kama ilivyo kwa mazao yetu mengi: soko likipatikana ndipo udhaifu wa bidhaa unapoonekana. Mvinyo uliokuwa mzuri ulipotoka kwa mkulima ulifika kwa mteja ukiwa umegeuka. Mwaka 1863 mtawala wa nchi, Napoleon wa Tatu, alimwomba Pasteur achunguze tatizo hilo.

Hakuchunguzia Paris. Alirudi Arbois na wanafunzi wake, wakafungua maabara katika ukumbi wa mkahawa wa zamani. Vifaa walitengenezewa na seremala, fundi bati na mhunzi wa mji huo huo. Gesi haikuwapo, wakatumia mkaa. Walipita katika stoo za wakulima waliomfahamu tangu akiwa mtoto, wakichukua mvinyo mzuri na mbaya na kuuweka chini ya hadubini. Kila ugonjwa wa mvinyo ukaonekana una kijidudu chake. Kimoja kiligeuza mvinyo kuwa siki. Kingine kiliufanya mchungu. Kingine kiliufanya uvutike kama mlenda.

Dawa aliyoipata ilikuwa rahisi kuliko watu walivyotarajia. Mvinyo uliofungwa vizuri, bila hewa, ukipashwa moto wa nyuzi kati ya 50 na 60 kwa muda mfupi, vijidudu hivyo hufa na mvinyo hukaa. Hauchemki, kwa hiyo kilevi na harufu yake havipotei.

Wenye mvinyo ghali walipinga. Walisema mvinyo uliopashwa moto ni mvinyo uliopikwa, na mlaji mwenye ulimi mzuri atautambua mara moja. Mwaka 1865 wafanyabiashara wa mvinyo wa Paris waliunda kamati ya waonjaji ili kukata shauri. Walionja mvinyo uliopashwa na usiopashwa, na tofauti waliyoiona ilikuwa ndogo mno. Kisha, kwa mujibu wa kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na mkwe wake, Pasteur aliwatega: aliwapa vikombe viwili vilivyojazwa mvinyo ule ule mmoja bila kuwaambia. Waonjaji wakaeleza tofauti kati ya vikombe hivyo.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi madukani. Mtu aliyeambiwa kuna tofauti huionja hata isipokuwapo, na aliyelipa bei kubwa huonja bei yake. Kama mchumi naongeza kwamba sehemu kubwa ya bei ya chupa haimo ndani ya kinywaji. Imo kwenye chupa yenyewe, nembo, usafiri, faida ya kila anayeipitisha, na ushuru. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ni zabibu za nchini umekuwa mdogo kuliko wa mvinyo wa nje. Kwa hiyo chupa ya Dodoma ikiwa rahisi kuliko ya kigeni, usiseme haraka kwamba ni kwa sababu ni mbaya. Mfunge mwenzio kitambaa machoni, mpe vikombe viwili, ndipo mbishane.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa la baharini, maana jeshi la majini la Ufaransa lilipoteza mvinyo mwingi kwenye safari za nchi za joto. Meli ya Jean-Bart ilipakiwa mvinyo, nusu umepashwa moto na nusu haujapashwa. Baada ya miezi 10 ule uliopashwa ulikuwa mzuri na mwangavu, na ule mwingine ulikuwa umeanza kuelekea kwenye siki. Huo haukuwa mvinyo wa mabwanyenye, ulikuwa wa mabaharia. Ndiyo maana nasema aliyenufaika zaidi ni mnywaji wa bei ya chini: tajiri ana stoo ya mawe chini ya nyumba yenye baridi mwaka mzima, maskini hana.

Pasteur alikuwa ameandikisha hati ya ugunduzi wake mwaka 1865, kisha akaiacha itumiwe na watu wote bure. Kitabu chake kuhusu mvinyo kilitoka mwaka 1866, na katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867 alipewa tuzo kuu kwa kazi hiyo.

Tusimfanye malaika. Kupasha vyakula moto kwenye vyombo vilivyofungwa kulianzishwa na Nicolas Appert miaka mingi kabla yake, na mkulima wa zabibu wa Burgundy, Alfred de Vergnette-Lamotte, aligombana naye vikali kuhusu nani alitangulia kuupasha mvinyo. Pasteur hakuwa mtu wa kugawana sifa. Daftari zake za maabara zilipochambuliwa na wanahistoria katika karne ya 20, zilionyesha kwamba mara nyingine alichotangaza hadharani na alichofanya maabara havikulingana.

Miaka hiyo ya sifa ilikuwa pia ya misiba. Binti yake mkubwa alikuwa amekufa kwa homa ya matumbo mwaka 1859. Baba yake na binti yake mdogo walikufa mwaka 1865, na binti mwingine akafuata mwaka 1866, naye kwa homa ya matumbo. Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipata kiharusi kilichomwacha upande wa kushoto ukiwa dhaifu hadi mwisho wa maisha yake. Kazi kubwa zilizofuata alizifanya akiwa katika hali hiyo: kukamilisha utafiti wa magonjwa ya nondo wa hariri, bia, kipindupindu cha kuku (siyo mdondo tunaoujua), na chanjo ya kimeta. Ya kimeta aliijaribu hadharani mwaka 1881 kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe katika shamba la Pouilly-le-Fort, mbele ya wakulima na waandishi wa habari. Kondoo wasiochanjwa walikufa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilifuata mwaka 1885.

Hata hivyo mvinyo hakuuacha. Mwaka 1874 alinunua shamba dogo la mizabibu karibu na Arbois. Mwaka 1878 alijenga juu ya baadhi ya mizabibu vibanda vya vioo, na vishada vingine akavifunga kwa pamba. Zabibu zile zilizozuiliwa zilipokamuliwa, maji yake hayakuchacha, kwa kuwa hamira haikupata nafasi ya kutua kwenye maganda. Mkulima wa Simiyu aliyezoea kuona pamba ikienda kwenye nyuzi anaweza kufurahi kusikia kwamba iliwahi pia kumaliza ubishi wa wanasayansi.

Pasteur alifariki dunia Septemba 28, 1895, karibu na Paris, na mwili wake umehifadhiwa katika taasisi inayobeba jina lake. Nyumba ya baba yake, fundi ngozi, kule Arbois ni makumbusho.

Viwanda vingi vya mvinyo leo havipashi moto tena. Hutumia machujio na dawa ya salfa kwa kipimo. Lakini kazi ya kiwanda huishia getini. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka na mvinyo wake husafiri kwa lori kupitia Singida na Shinyanga kabla ya kufika kwetu, kisha hukaa dukani. Joto, mwanga na hewa humaliza kilichobaki. Kama kizibo ni cha gome, laza chupa ili kisikauke na kupitisha hewa. Kama kimejisukuma nje au kinavuja, usinunue. Duka linalouza haraka ni bora kuliko lenye rafu ya kupendeza. Chupa iliyokwisha funguliwa irudishiwe kizibo, iwekwe kwenye friji, na imalizwe kwa siku 3 hadi 5.

Harusi iliyofuata katika ukoo wetu nilipewa kazi ile ile, kwa masharti. Safari hii nilimwomba mwenye duka anitolee katoni kutoka stoo ya nyuma, yenye giza na sakafu ya saruji, nikalipia chupa moja na kuifungua pale pale. Tulionja wote wawili kwenye vikombe vya chai. Nikachukua katoni tatu, za bei ya chini kabisa dukani. Mjomba alirudia mara mbili.